Duara moja, vitovu viwili: kisa cha mwanafunzi wa S5 mpakani Busia

Karatasi ilikuwa na maswali kumi. Swali la pili lilimtaka mwanafunzi ataje kitovu na nusukipenyo cha duara hili:

(x − 3)² + (y + 2)² = 25

Swali la saba lilitaka yale yale kwa duara hili:

x² + y² − 6x + 4y − 12 = 0

Karatasi niliitunga mimi, na maswali hayo mawili niliyaweka makusudi. Ni duara lile lile limevalishwa nguo mbili. Kitovu chake ni (3, −2), nusukipenyo ni 5. Nilitaka nione nani atagundua.

Binti mmoja wa dawati la mbele alijibu swali la pili hivi: kitovu (−3, 2), nusukipenyo 5. Swali la saba akajibu: kitovu (3, −2), nusukipenyo 5. Mwandiko safi, hatua zimepangwa, hapakuwa na mahali palipofutwa. Kwenye karatasi moja, duara moja lilikuwa limepewa vitovu viwili, kila kimoja upande wake wa sifuri, na yeye hakuona neno.

Ninakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nilimpoteza binti huyu kwanza kabla ya kumsaidia. Na kila mwalimu wa hisabati wa S5, yaani kidato cha tano, ninayemfahamu hukutana na kosa hili mwaka baada ya mwaka, akaliita uzembe wa alama, akaweka nusu maksi na kupita. Mimi pia nimefanya hivyo kwa miaka. Sasa naamini kwamba kosa hili lina akili ndani yake, na ukiliita uzembe unaifunga ile akili mlango.

Nieleze kwanza tulipo. Shule yetu iko Busia, upande wa Uganda. Tunafundisha kwa Kiingereza na mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, huja kwa Kiingereza. Lakini huu ni mji wa mpaka. Ukitoka nje ya lango utasikia Kisamia, Kiteso, Kiganda, na katikati ya zote Kiswahili, maana bila Kiswahili hapa hununui wala huuzi. Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Kwetu kilikuwa kazini zamani kabla ya idhini hiyo. Mimi mwenyewe, hesabu ikikaza, Kiingereza hukaa kando na Kiswahili hutangulia. Jambo hilo lina uzito katika kisa hiki, kama mtakavyoona.

Binti anasoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Mama yake huuza mukene sokoni, wale dagaa ambao ng'ambo wanaitwa omena, na Jumamosi binti ndiye anayekaa kwenye meza. Nimemwona akipokea shilingi za Kenya na kurudisha chenji ya Uganda bila kikokotoo, huku anaongea na mteja mwingine. Mtu wa namna hiyo ukimwambia hajui hesabu, unamdhulumu.

Siku ya kurudisha karatasi niliona kwamba zaidi ya nusu ya darasa wamekosea swali la pili vile vile. Vipindi vilikuwa vichache na mada ya tanjenti ilikuwa inasubiri. Nikageukia ubao nikaandika kwa chaki nyekundu: KITOVU: GEUZA ALAMA. Nikawaambia, ndani ya mabano mkiona toa 3, andikeni 3. Mkiona jumlisha 2, andikeni hasi 2. Wakanakili, tukasonga mbele.

Wiki iliyofuata nikatoa zoezi. Binti yule alipata maswali yote ya mabano, na nikafurahi kwa dakika kama mbili hivi. Nilipofungua ukurasa wa pili, maswali ya umbo refu, ambayo hapo awali hakuwa akiyakosa, sasa yote yalikuwa yameharibika. Duara lilikuwa x² + y² − 10x + 2y + 17 = 0. Aliandika vizuri kabisa kwamba g = −5 na f = 1, yaani nusu ya namba iliyo mbele ya x na nusu ya ile iliyo mbele ya y. Akaandika kitovu ni (−g, −f), yaani (5, −1), ambalo ndilo jibu. Kisha akapiga mstari kwa rula, na chini ya mstari akaandika kwa wino mwekundu, kama wangu: "geuza alama: (−5, 1)".

Ule mstari wa rula uliniumiza. Mtoto alikuwa amefika nyumbani salama, nikamrudisha njiani kwa neno langu. Alikuwa amenitii. Sheria niliyompa haikuwa imefungwa kwenye kitu chochote, kwa hiyo aliibeba na kuitumia kila alipoona kitovu. Angejuaje kwamba zile −g na −f tayari zimeshageuza alama? Mimi sikumwambia alama inageuzwa kwa nini. Nilimwambia aigeuze tu.

Jioni nilimwita chini ya mwembe, na daftari lake, na karatasi ile ya kwanza. Nikamwonyesha mlinganyo wa swali la pili.

"Mwanangu, hapa panasema nini?"

"Ni fomula ya duara, Mwalimu."

"Sawa. Lakini inasema nini?"

Akanyamaza. Niliona swali langu limekaa vibaya, nikalibadilisha. "Nukta (8, −2). Iko juu ya duara hili au haiko?"

Akafungua mkebe akatoa bikari na karatasi ya grafu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Hakuwahi kufikiri kwamba mlinganyo wenyewe unaweza kumjibu. Kwake mlinganyo wa duara ulikuwa kama stoo: unaingia, unachukua kitovu na nusukipenyo, unatoka, unafunga. Hizo x na y zilizoandikwa humo hazikuwa na kazi. Na kweli, mazoezi yote niliyokuwa nimempa yalikuwa ya kuchukua vitu stoo. Sikuwa nimewahi kumwomba achukue nukta akaiweka ndani aone kinachotokea.

Nikamwambia aweke bikari chini, tutairudia. Nikamuuliza jinsi alivyopata (−3, 2) mara ya kwanza, kabla ya ile sheria yangu nyekundu. Alinijibu bila kusita, kwa Kiswahili:

"x toa tatu, nimerudi nyuma hatua tatu. y jumlisha mbili, nimepanda hatua mbili."

Kisha akaongeza kitu ambacho sikutarajia. Alisema kwenye mistari iliyonyooka ndivyo inavyokuwa: y = x + 2 uko juu ya y = x kwa hatua mbili. Ni kweli. Tulimfundisha hivyo sisi wenyewe alipokuwa madarasa ya chini, kwa miaka, na alipata maksi zake kwa kuamini hivyo. Alipokutana na + 2 ndani ya mabano ya duara, alitumia alichofundishwa, kwa uaminifu. Kosa lake lilikuwa ni somo letu la zamani lililofika mahali lisipofaa.

Lakini nilibaki na lile neno alilotumia. Toa. Kwa Kiswahili kutoa ni tendo. Unatoa maji kisimani, unatoa pesa mfukoni, unatoa mtu nje. Kuna kitu kinaondoka, na mwenye kitu anabaki na pungufu. Ukisoma "x toa 3" unamwona x akipungua, akirudi nyuma. Na mara nyingi hiyo ndiyo maana tunayoihitaji. Nikiwa na 8 nikatoa 3 nimebaki na 5. Lakini alama ile ile ya kutoa ina kazi ya pili ambayo kitenzi hiki hakiisemi vizuri: kulinganisha. Wewe una miaka 17, mdogo wako ana 12. Tofauti ni 5. Hakuna aliyepungukiwa. Hakuna aliyerudi nyuma. Vitu viwili vimesimama kila kimoja mahali pake, nawe unapima kilicho katikati yao. Mlinganyo wa duara umejengwa juu ya kazi hii ya pili. Ile x − 3 ni tofauti kati ya x na 3, na 3 haijaenda popote.

Kiswahili kina neno hilo la tofauti, kila mtoto wa soko analijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema "toa" mbele ya ubao tangu asubuhi hadi jioni.

Nikachukua kijiti nikachora mstari mrefu mchangani. Katikati nikaweka jiwe. "Hapa ni forodhani. Sifuri. Upande huu Uganda, tunahesabu kwa chanya. Upande ule Kenya, tunahesabu kwa hasi. Wewe uko kilomita 8 ndani ya Uganda. Kuna duka kilomita 3 ndani ya Uganda. Umbali wenu?"

"Tano."

"Umefanyaje?"

"Nane toa tatu."

"Kwa hiyo umerudi nyuma hatua tatu?"

Akautazama mstari. "Hapana. Nimepima kuanzia dukani."

"Sasa duka limehamia kilomita 2 ndani ya Kenya. Wewe hujasogea."

"Kumi."

"Umefanyaje?"

"Nane jumlisha mbili."

"Mbona sasa umejumlisha?"

"Kwa sababu liko ng'ambo, Mwalimu. Lazima nivuke kwanza."

Sikuongeza neno. Nilimrudishia mlinganyo tu. Alitazama x − 3 kwa muda, akaitazama y + 2, akaweka kidole juu ya ile 2 na kusema polepole, "Hii iko ng'ambo." Kisha akachukua kalamu, akakata lile jibu lake la kwanza.

Najua mfano wa mpaka hauwezi kumfaa kila mtu. Mtoto wa Mbarara au Fort Portal hatauhisi kama anavyouhisi mtoto anayevuka kwenda kwa shangazi yake Kenya na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Ninachotaka mwenzangu achukue ni mpangilio wake: kitovu ni mahali ambapo unaanzia kupima, alama ya kutoa ndiyo inayopima, na alama ya kujumlisha huonekana pale tu mahali hapo palipo upande wa hasi, kwa sababu y + 2 ni y − (−2). Ukiwa na mto, pima kutoka mtoni. Ukiwa na kilima, panda na ushuke.

Tukarudi kwenye nukta (8, −2). Nikamwambia ausome mlinganyo kama anavyosoma sentensi. Akasema, nami nayaandika maneno yake jinsi alivyoyasema: "Chukua nukta. Pima tofauti yake na tatu kwa upande. Pima tofauti yake na hasi mbili kwa kwenda juu. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha. Ukipata ishirini na tano, nukta imo. Usipopata, haimo." Upande ni 8 − 3, yaani 5. Juu ni −2 + 2, yaani 0. 25 na 0 ni 25. Imo.

Kisha, bila kuambiwa, akachukua kitovu chake cha zamani, (−3, 2), akapima kutoka hapo hadi (8, −2). Upande 11, juu 4. 121 na 16 ni 137. Kipeuo chake ni karibu 11.7. "Lakini nusukipenyo nilisema ni tano," akasema. Alikuwa amejikamata mwenyewe. Tangu S1 kazi ya kumkamata ilikuwa yetu sisi walimu, kwa kalamu nyekundu.

Lilibaki swali lililokuwa likinisumbua zaidi. Inakuwaje mwanafunzi makini aandike vitovu viwili kwa duara moja, ukurasa mmoja, asishtuke? Nilimuuliza. Akaniambia hakujua kwamba ni duara moja. Umbo la mabano alilipata kwenye daftari la binamu yake anayesoma ng'ambo, kwa sababu Kenya wanalifundisha Form 3. Umbo refu lenye 2g na 2f alilipata kwangu S5. Akaziweka kama fomula mbili za nchi mbili. Hii ya Kenya, hii ya Uganda.

Lakini binti huyu hubadilisha pesa za nchi hizo hizo mbili kila Jumamosi! Anajua shilingi za huku na za kule ni thamani ile ile kwa noti tofauti, mradi ujue kubadilisha. Nikamwambia hivyo hivyo: hapa pia kuna namna ya kubadilisha, na umeshafundishwa, inaitwa kukamilisha mraba. Tukafanya pamoja. x² − 6x ni (x − 3)² ukitoa 9. y² + 4y ni (y + 2)² ukitoa 4. Zile 9 na 4 ukizivusha pamoja na 12, upande wa pili unapata 25. Mlinganyo wa swali la saba ukageuka mbele ya macho yake kuwa mlinganyo wa swali la pili. Akafunua karatasi huku na huku mara tatu. Kukamilisha mraba tulikuwa tumewafundisha mwezi mzima nyuma kama ufundi wa peke yake, na sikuwa nimesema hata siku moja ufundi huo ni wa kazi gani hapa.

Mambo haya niliyazungumza na mwenzangu mkubwa, mwalimu aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi na ambaye ninamheshimu sana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mdogo wangu, silabasi ni ndefu. Mtoto akijua kugeuza alama, anapata maksi zake. Hayo ya chini ya mwembe utayafanya na wanafunzi wangapi?" Sikuwa na jibu la haraka, na sitaki kumdharau. Mitihani ya UACE, ile ya kumaliza S6, ina saa zake, na katika P425/1, karatasi ya kwanza ya hisabati, hakuna mtahini anayekupa maksi kwa kuelewa mpaka. Mwanafunzi anapaswa kuandika kitovu kwa kutazama tu. Tunapotofautiana ni mahali pa kuiweka sheria. Yeye huianza nayo. Mimi, baada ya kuona ule mstari wa rula, naona sheria ije baada ya maana, ikiwa njia fupi ya kurudi mahali ambapo mtoto ameshafika kwa miguu. Ikija kwanza, inakuwa amri, na amri haina breki.

Kuhusu wanafunzi wangapi, jibu nililipata uwanjani.

Mzee anayetunza uwanja wetu wa mpira huchora mistari kwa jivu kabla ya mechi. Ana kamba ya katani yenye fundo, na kutoka kwenye kitanzi hadi kwenye fundo ni mita 9.15, kipimo cha duara la katikati kwa sheria za mpira. Hupigilia kigingi, anavuta kamba ikaze, anazunguka. Nilimwomba anisubiri siku moja nije na darasa zima. Tukapima uwanja: urefu mita 90, upana mita 60. Tukakubaliana kona iliyo karibu na choo iwe sifuri, x ifuate mstari mrefu na y ifuate mstari wa goli. Nikawauliza mlinganyo wa duara analolichora mzee.

Walibishana kwa sauti mpaka wa madarasa mengine wakachungulia. Mwishowe wakakubaliana:

(x − 45)² + (y − 30)² = 83.7225

Nikamwambia kijana mmoja, aliyekuwa bado anasoma alama kama hatua, atembee hadi kwenye kitovu kwa kuufuata mlinganyo jinsi anavyousoma yeye. Toa 45, toa 30. Aligeuka akaupa uwanja mgongo, akavuka mstari, akapita choo, akafika kwenye ua wa mihogo ya jirani. Akasimama pale, akageuka kututazama, akamwona mzee amesimama katikati ya uwanja na kigingi chake. "Nimeelewa," akasema kwa sauti, akiwa bado kwenye mihogo.

Watu watatu walishika kamba kwa zamu. Yule aliyekuwa kwenye fundo alipozunguka, nilimsimamisha mahali popote na kuwaambia wenzake wapime x yake na y yake kwa futi ya mzee. Kisha tukaziingiza kwenye mlinganyo. Tulipata 83 na nukta kadhaa, tukapata 84, mara moja 82 na ushee kwa sababu kamba ililegea. Hakuna kilichokaa sawasawa na 83.7225, na nilifurahi kwa hilo, maana walianza kubishana wenyewe kuhusu kamba na upepo na mtu aliyeshika vibaya. Walikuwa wanaichukulia x kuwa mahali ambapo mtu amesimama.

Euclid alilieleza duara karibu miaka 300 kabla ya Kristo kwa maana hiyo hiyo ya kamba ya mzee: kila mstari utokao kwenye kitovu kufika ukingoni ni sawa na mwenzake. Mlinganyo haujaongeza kitu kwenye wazo hilo, umeliandika kwa namba tu.

Jambo lililonishangaza lilitoka kwa mzee mwenyewe. Alituambia duara la katikati halimsumbui. Linalomsumbua ni lile pinde lililo mbele ya boksi la penalti, kwa sababu hajui liguse mstari wa boksi wapi, na huwa anakadiria kwa jicho. Tukarudi darasani na swali lake. Nukta ya penalti iko mita 11 kutoka mstari wa goli, kwa hiyo kitovu ni (11, 30). Kamba ni ile ile. Mstari wa boksi ni x = 16.5. Tofauti kwa upande ni 5.5, ukiizidisha kwa yenyewe ni 30.25. Ukitoa kwenye 83.7225 unabaki na 53.4725, na kipeuo chake ni karibu 7.31. Pinde linakata mstari wa boksi mita 7.31 kila upande wa katikati, jumla mita 14.62. Makutano ya mstari na duara, mada ambayo mwaka uliotangulia ilinichukua vipindi viwili vya usingizi, ilikwisha kwa dakika 20, na waliomaliza kwanza walikimbia kumpelekea mzee kipimo.

Tathmini yangu haikutosheka na uwanja, kwa sababu furaha ya nje ya darasa huweza kudanganya. Wiki mbili baadaye nikawapa karatasi nyingine. Swali moja lilisema: (−1, 4) na (7, −2) ni ncha mbili za kipenyo, andika mlinganyo wa duara katika umbo refu. Binti wa mukene alipata kitovu (3, 1) na nusukipenyo 5, akafungua mabano, akaandika x² + y² − 6x − 2y + 15 = 0. Amekosea, inapaswa kuwa hasi 15. Lakini chini yake aliandika mstari ambao sikuwa nimeuomba: aliiweka nukta (7, −2) ndani. 49 + 4 − 42 + 4 + 15. Akapata 30. Kando ya 30 akaandika, "mara mbili ya 15," akarudi juu, akageuza alama ya 15, akajaribu tena kwa (−1, 4), akapata sifuri. Safari hii alikuwa amegeuza alama akijua kwa nini.

Swali la mwisho lilikuwa la mtego: x² + y² − 2x + 4y + 9 = 0, taja nusukipenyo. Wengi walifika kwenye kipeuo cha hasi 4 wakaandika 2. Yeye alikamilisha mraba, akaona jumla ya vipeo viwili vya pili imepewa hasi 4, akaandika kwa Kiswahili kwenye karatasi ya Kiingereza: "Hakuna kamba ya namna hiyo." Nilimpa maksi zote.

Sio wote waliovuka. Yule kijana wa kwenye mihogo sasa hakosei kitovu, lakini bado anaandika nusukipenyo kuwa 25 pale palipo na 25. Nilikaa naye juzi. Anazipima tofauti mbili vizuri, upande na juu, kisha anaishia hapo. Hajui kwa nini tunazizidisha zenyewe kabla ya kuzijumlisha. Pembetatu ya mraba haijaingia kwenye picha yake. Anaona njia mbili za kutembea, haoni kamba iliyokatiza katikati yao. Kwa hiyo tatizo lake halikuwa hili la binti hata kidogo, ingawa kwenye karatasi ya kwanza majibu yao ya swali la pili yalifanana kwa kitovu, nami niliwasahihisha wote wawili kwa neno lile lile jekundu.

Jumatatu tunarudi naye uwanjani, mimi na yeye na mzee. Nimemwomba mzee alete kamba mbili za ziada, moja ilale sambamba na mstari mrefu, nyingine isimame wima kwayo, ili ile ya mita 9.15 iende toka ncha hadi ncha na kijana aishike mwenyewe.